Bomba la Yusta

Jumanne, 4 Juni
Baridi ya kukata masikio. Esta hajaja kunywa chai. Siku ya tatu! Tumekunywa chai pamoja tangu wanetu wananyonya. Nikachungulia juu ya uzio. Yuko kwa Yusta, kwenye benchi, anacheka mpaka khanga inamdondoka. Maisha yamepanda, wengi hapa Mlandege wamekatiwa maji, basi Yusta anawauzia kwa ndoo. Mimi pia nina bomba. Kwangu hacheki mtu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata akili. Kwenye jumuiya, baada ya sala, nimetangaza: kwangu maji bure! Yusta akajifanya anatafuta rozari. Mwanangu Dastan kapiga simu kutoka Mbalizi, anauliza bili atalipa nani. Nikamwambia mama haulizwi maswali ya hivyo.

Ijumaa, 7 Juni
Wamekuja! Ndoo kama thelathini kabla ya chai. Wamechota, wameshukuru, wakaenda kukaa kwa Yusta. Kukaa! Nikamuuliza Esta kulikoni. Akasema, mwenzangu, kwako hata pa kuweka makalio hakuna.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetoa kitanda nje. Na togwa, sufuria mbili. Sasa wanakaa! Esta kakaa katikati kama askofu. Wengine wameleta mablanketi ya kufua. Hata Yusta kaja, na madumu manne. Nikamjazia yote, na kikombe cha togwa juu, ili aumie. Jioni naambiwa maji yangu kawauzia mama lishe wa stendi. Mwanamke huyu!

Jumatatu, 1 Julai
Meseji ya bili. Nimezima simu. Nimeiwasha. Haijapungua. Dastan anasema alisema. Mtoto mwenye kumbukumbu ni mzigo.

Jumanne, 16 Julai
Wamekata. Fundi mwenyewe mpole, kanisalimia kamwene, nikashindwa hata kumtukana. Kitanda nimerudisha ndani peke yangu. Hakuna aliyepita.

Jumatano, 17 Julai
Nimekwenda kwa Yusta na ndoo. Nikapanga foleni nyuma kabisa, shingo ngumu. Yusta kaniona, kanivuta mbele, kajaza ndoo kwa mkono wake, kakataa hela. Akasema, Mama Dastan, ulitugawia wote, leo zamu yetu. Vigelegele! Esta akasogea kwenye benchi, akanishika mkono, hakuuachia. Nilikuwa nimeumiss mkono huo, sisemi uongo. Tumecheka mpaka saa sita, machozi yakatutoka.

Nimefika nyumbani, roho inawaka. Ndoo moja tu, na mtaa mzima unamsifu! Mimi nilitoa ngapi? Nani alinipigia kigelegele? Nimempigia Dastan, auze yule mbuzi wangu aliyeko kwake, alipe bili haraka. Maji yakirudi ni bure, na togwa, na maandazi. Yusta akija, nitamvuta mimi, mbele kabisa, mchana kweupe, nimbebee na ndoo mpaka mlangoni kwake. Tuone atalala vipi.