Korongo na Kobe Jikoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi naenda Gilgil kwa kina Naliaka kuomba mkono wake. Bethwel, yule wa posho mill ya Rongai, naye anamtaka. Naliaka anasema nimwambie babake ukweli tu: ng'ombe wawili wapo, wengine watafuata. Ushauri mzuri kwa mtu asiye na akili. Mimi ninazo.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza kabati la Mama Jasbir wa mtaa wa Section 58. Badala ya malipo nimechukua kichana cha marehemu mama mkwe wake, kilichotoka Japani zamani sana. Ni cha mbao, kimepakwa utomvu wa mti hadi kikang'aa cheusi kama kiatu cha askari. Juu anaruka korongo wa dhahabu, chini kuna kobe. Mama Jasbir anasema kwa Wajapani hao wawili ni maisha marefu. Kila mchoro una maana! Akanionya kwamba zawadi kama hiyo inahitaji maelezo. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Bethwel hawezi kuwaza kitu kama hiki. Yeye huwaza unga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Binamu yangu Quincy akauliza namhutubia nani. Mama mkwe, nikasema. Akauliza tangu lini mwanamume wa kwetu akasimama kuongea na mama mkwe. Kweli, hata mkono hatumpi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Si kitu. Kichana kitajieleza chenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu tupu. Bethwel alinitangulia na mbuzi. Mbuzi hana maana yoyote, ni mbuzi tu. Mimi nikaketi sebuleni na wazee, kichana nikampa shangazi yao Edinah akipeleke jikoni kwa mama.  Kikasikika kicheko. 

Shangazi akarudi na jibu. Mama ameuelewa ujumbe wangu: mahari itatambaa kama kobe, na siku ya kuulizwa, bwana arusi ataruka kama yule ndege. Nikaanza kueleza habari za Wajapani. Mzee mmoja akataka kujua kama ng'ombe nao watatoka Japani. Naliaka akapitisha chai bila kunitazama. Iliniuma sana. Nampenda huyu msichana kuliko ninavyojua kuandika.

Jumapili, 9 Machi
Naliaka amepiga simu. Amemlilia babake hadi akalegea. Nirudi Jumamosi, nikiharibu tena, Bethwel anapewa jibu. "Makhanu, kuja na mdomo pekee," akasema. "Useme ng'ombe ni wawili, wengine mwezi wa nane. Please, usibebe kitu." Nikaapa. Nilimaanisha kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepita kwa Mama Jasbir kumsalimia tu. Kumbe ana kisanduku cha dawa cha kuning'iniza kiunoni, cheusi vilevile! Juu yake kuna mnyama anayekimbia juu ya mawimbi, masikio yamelala kwa mbio. Bahati njema, anasema. Hatambai, haruki. Mahari ya kasi! Nitamtengenezea stuli mbili, kisanduku ni changu.

Na safari hii hakuna haja ya kueleza chochote. Mnyama huyu kila mtu Gilgil anamjua tangu utotoni. Mama mkwe mwenyewe bila shaka amewasimulia wanawe hadithi zake zote.

Ni sungura.