Penseli ya Zambarau na Uso wa Bwana Baeckelandt

Gent, Jumatatu, 3 Agosti 1896
Kazi nimepata! Picha ya Bwana Baeckelandt, mwenye kiwanda cha bia. Itafunuliwa Jumapili ya tarehe 16, sikukuu ya watengeneza bia. Akiridhika, nafasi ya mwalimu wa uchoraji katika shule ya jioni ni yangu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Asiporidhika, inakwenda kwa Kamiel, mchoraji wa chumba cha pili. Kamiel! Anachora kwa mkaa, anapangusa kwa unyoya, anafuta kwa mkate laini, anakazia mistari kwa wino mwepesi. Siku tatu nzima kabla hajagusa rangi! Mimi mkate wa kufutia niliumaliza saa nne asubuhi. Njaa haina adabu.

Jumanne, 4 Agosti
Kuchora uso kwa kutazama tu siwezi, na hilo libaki humu. Nimepiga miraba juu ya picha yake ya kamera, nikapiga miraba mikubwa juu ya turubai, nikahamisha mmoja mmoja. Jicho hapa, sharubu pale. Na mkaa wa nini, unachafua rangi! Nimetumia penseli ya zambarau, ile ya makarani, isiyofutika. Kufikia mchana nimemaliza. Kamiel akachungulia, akaniuliza kama nina akili timamu. Wivu huo.

Jumatatu, 10 Agosti
Rangi imekaa vizuri. Bwana Baeckelandt kaja mwenyewe na mbwa wake wawili, kila mmoja kama ndama. Kasema pua imempendeza. Mbwa wakaninusa suruali. Sikupumua mpaka walipoondoka.

Jumatano, 12 Agosti
Kuna mstari kwenye paji la uso. Mwembamba, wa zambarau. Nikadhani ni macho yangu. Baada ya chakula ikawa miwili. Ole wangu! Mafuta ya rangi yanaiyeyusha penseli na kuipandisha juu. Nimefunika kwa rangi nyeupe ya risasi, nene, kisha rangi ya ngozi. Mungu, nisitiri.

Alhamisi, 13 Agosti
Miraba imepanda yote. Wima na mlalo, toka upara hadi kidevu. Mtu anatazama kutoka nyuma ya nondo za gereza!
Na Gent nzima inajua, ila hakuna anayethubutu kulitaja: ujanani Bwana Baeckelandt alifungwa miezi minane kwa kuuza bia iliyotiwa maji ya mtoni. Wa mwisho kulitaja alikuwa seremala mmoja. Alitupwa mtoni Leie pamoja na mkokoteni wake.
Nikamwendea Kamiel, nikapiga magoti, ndiyo, magoti. Akasema we bwana, kwangua yote hadi kwenye turubai, uanze upya kwa mkaa, nitakusaidia mpaka Jumapili. Nikamshukuru hadi machozi. Lakini kukwangua! Mabega yangu haya?

Ijumaa, 14 Agosti
Wazo! Nondo nimezipaka kijani, nikazizungushia majani ya hopsi, mmea unaotia bia uchungu. Hopsi si hutambaa kwenye miti? Basi, bwana yumo shambani mwake. Kamiel akaja kutazama. Akasema sasa anaonekana mfungwa aliyesahaulika mpaka majani yakamwotea. Sikucheka.

Jumapili, 16 Agosti
Shuka likavutwa. Zambarau ilikuwa imepenya hata majani. Mkewe akaziba mdomo. Bwana Baeckelandt akasogea, akazigusa nondo za wima kwa kidole, moja moja. Akageuka. Nilingoja ngumi, kumbe analia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, nani amekwambia dirisha lile lilikuwa na nondo saba?
Kamiel alikuwa pembeni yangu, akininong'oneza: sema penseli, ndugu yangu, sema tu penseli. Nikafungua mdomo niseme penseli. Mbwa mmoja akainuka. Nikasema: Kamiel.
Bwana akajipangusa uso, akawapigia mbwa mluzi.

Jumanne, 18 Agosti
Kamiel yuko hai, ila paja limeshonwa. Ameondoka Gent kwa treni ya asubuhi, hakuniaga. Nafasi ya shule kapewa mpwa wa padri. Nimelia, kweli nimelia. Lakini tuseme haki: Kamiel ni jasiri, mimi mwoga, na mambo kama haya humfaa jasiri.
Alasiri kazi mpya: mjane wa jaji. Jaji! Nimeogopa hadi jasho, nikakubali. Nimenunua penseli nyekundu, muuzaji ameapa kwamba nyekundu haipandi. Na kwa usalama, safari hii miraba nimeipiga midogo zaidi, na mingi.