Kesi ya Kitanda cha Dirishani

Jumatano, tarehe 4 Machi

Nimedhulumiwa! Kitanda cha dirishani ni changu kwa haki ya ukubwa. Sasa anakilalia mdogo wangu, ambaye wageni humwita Malaika kwa sababu hawaishi naye. Wiki jana alinionyesha godoro langu limelowa chapachapa. Akasema paa linavuja, akasema ananionea huruma, basi tubadilishane. Nikamshukuru! Mara mbili!

Leo Mama, akimwagilia maua, kalalamika kwamba mvua haijaanguka tangu Januari. Nikaganda mlangoni. Kumbe yalikuwa maji ya kopo.

Nitashtaki. Bahati nzuri mahakama tunayo humu ndani. Shangazi ni karani wa mahakama, na kila Jumamosi akimaliza kupiga pasi husikiliza kesi zetu kwenye meza ileile. Mama alichoka kuamua kwa kandambili.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Nimewasilisha hati ya madai. "Mdai, msichana mwenye akili timamu, anasema kwamba mdaiwa ni mlaghai tangu utotoni."

Shangazi kanirudishia akimenya vitunguu. Kasema akili yangu hakuna aliyeipinga, bado, kwa hiyo nisiitaje. Kasema nia mbaya naweza kuitaja kwa jumla tu, maana moyo wa mtu ni msitu. Lakini udanganyifu, hapana. Huo hautupwi hewani. Lazima nieleze kinagaubaga: alisema nini, wapi, siku gani, saa ngapi.

Saa ngapi! Hapo pana ugumu. Siku ile saa ile nilikuwa nyumbani kwa sababu zisizohusiana na kesi.

Nimeandika upya: "alasiri moja yenye majonzi." Imerudi kabla wino haujakauka. Shangazi kasema majonzi si saa, mwanangu.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Mbinu mpya! Nimefuta "udanganyifu", nimeandika "kosa". Yaani nilibadilisha kitanda kwa kukosea. Nilijiona mjanja hadi mchana. Shangazi kasema kosa nalo linafuata kanuni hiyohiyo, na kwamba nikijaribu neno la tatu atanifutia kesi.

Malaika kanikuta mezani nikiuma kalamu. Kasema kwa upole, "Andika tu, Dada. Usisahau saa." Roho nzuri ilioje! Nilikaribia kumsamehe.

Basi nimeandika: Jumanne, tarehe 24 Februari, saa tisa alasiri, chumbani kwetu. Shangazi kakumbusha kwamba hasara maalumu nayo haidhaniwi, hutajwa moja moja. Nimetaja: mafua, shingo iliyokakamaa, na alama 31 katika jaribio la hesabu. Imepokelewa! Kesho nalala dirishani.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Mama alikuwepo, akikunja mashuka. Sikuwa nimepanga hivyo.

Nilijiandaa kubomoa utetezi wa Malaika. Hakuwa na utetezi! Kasimama, kafumbata mikono kama yuko kwaya, kasema anakiri kila neno. Ni kweli alimwaga maji. Ni kweli ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri. Anakumbuka sana, kwa sababu Dada alikuwa amevua viatu, anakula karanga.

Mama kaacha shuka hewani. Kauliza, Jumanne saa tisa si ndiyo saa ya masomo ya ziada ya hesabu? Yale ambayo mwalimu wake alisemekana kunisifu?

Pasi ikatoa mvuke.

Niliomba kurekebisha saa iwe kumi na mbili. Shangazi kakataa. Kasema ameshapokea hati, tena ina mwandiko mzuri.

Hukumu: nimeshinda! Kitanda ni changu, na Malaika ataosha vyombo wiki nzima. Hukumu ya pili, ya Mama, ambayo hakuna aliyeifungulia kesi: hesabu kila alasiri na Shangazi hadi mwisho wa muhula. Mama kaongeza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Sioni kisima kimeingiaje hapa. Tulikuwa tunazungumzia kitanda.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Hesabu, kurasa nne. Lakini upepo wa dirishani, raha tupu!

Jioni Malaika kaja kutoka kwenye vyombo, mikono inachuruzika, kaketi pembeni yangu. Kasema hataki kunitisha, ila dirishani hapo kuna nyoka.

Safari hii sikukurupuka! Mimi si yule wa Februari. Nikamtaka aeleze kinagaubaga, kwa kanuni. Akaeleza bila kusitasita: leo, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kona ya kushoto ya dirisha, kijani, urefu wa mpini wa fagio. Shahidi: paka wa jirani.

Nani angeweza kutunga uongo ulionyooka namna hiyo, tena wenye paka?

Nimeshahamisha godoro. Maskini, kakubali kulala yeye na yule nyoka. Nimempa na mto wangu.