Ombi la Kuhamisha Baridi

Élisabethville, Ijumaa 18 Juni 1954

Bwana Mhariri wa gazeti letu la misioni,

Pokea heshima zangu. Nina miaka kumi na sita. Shuleni naulizwa kwa Kifaransa, nyumbani kwa Kiswahili, na kote nanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Mwaka jana Martine, msichana wa parokia yetu, alichaguliwa abebe kikapu cha maua ya kumwaga njiani mwaka huu siku ya Fête-Dieu, sikukuu ya Ekaristi. Nikamwambia: "Nitakujazia miye." Ndiyo sentensi pekee niliyowahi kumwambia. Nilikuwa na pakiti ya mbegu za pois de senteur kutoka Ubelgiji, ua linalopanda vijiti kama maharagwe na kunukia sana. Maandamano ni keshokutwa. Kikapu kitupu. Basi nashitaki:

1. Pakiti. Imeandikwa "semer en mars", yaani panda mwezi wa tatu. Lakini shuleni tulifundishwa kwamba majira ya Ulaya na ya kwetu yamegeuziana mgongo. Nikapiga hesabu kwa akili yangu yote, nikapanda mwezi wa kumi na moja, kwa mvua ya kwanza, siku ambayo kila mtu hapa anapanda mahindi. Pakiti haikunikataza.

2. Jua. Miche ilitoka, ikalala. Niliifunika kwa gunia lililolowa maji, nikaipepea kwa daftari la jiografia. Binamu yangu Rigobert, mpishi kwa Mzungu mmoja, alinipa barafu, nikaizungushia mizizi. Jirani yetu Godefroid akapiga kelele: "Ee monsieur! Hii majani yako iko na malaria? Peleka dispensaire!" Majirani walicheka mpaka bombani, wanakochota maji. Nusu ya mbegu iliyobaki niliitupa jikoni kwa hasira.

3. Baridi yenyewe. Imefika mwezi wa tano, wakati maua yamekufa tangu Noeli. Sasa vidole vinatetemeka nikiandika. Haijaomba radhi.

Kwa hiyo naomba serikali iihamishie baridi mwezi wa kumi na moja. Ikishindikana, baba yangu ni mtu wa reli: treni inaleta viatu, mvinyo na maaskofu toka mbali, ilete na baridi, vagoni mbili zitatosha. Hata hiyo ikishindikana, mji wote usogezwe.

Nakuaga kwa unyenyekevu. Nisalimie wapiga chapa, Mapadre, na yeyote ambaye hajanicheka bado.

Donat Mwape

P.S. Tafadhali usichapishe. Jioni hii mama amerudi toka shamba letu la barabara ya Kasomeno, amekasirika: "Weye Donat! Ile maharagwe yako ulitupa jikoni, nilipanda na yangu mwezi wa tatu. Iko inatoa maua tu, hata moja ya kula hapana! Inanukia kama madame!" Mama hajui kusoma. Alipanda mwezi wa tatu kwa sababu ndio mwezi wa kupanda maharagwe. Vijiti vyote vimejaa.

Baridi ibaki ilipo. Kesho Martine anakuja shambani na kikapu. Dada yangu Wivine ndiye aliyemwita. Sentensi ya pili bado sijaipata, kwa lugha zote mbili.