Wodi ya Daktari Mapezi

Jino lilikuwa linamuuma kweli, tusimsingizie. Lakini Daktari Mapezi alipoliona lile tangi la kioo lenye samaki wa baharini kwenye chumba cha kungojea cha zahanati ya meno, jino lilinyamaza lenyewe.

Udaktari alijipa mwenyewe. Ujuzi wake ulikuwa mmoja tu: alijua tabia za samaki mwenye afya zinazomtisha mwenye samaki. Yupo anayelala ubavu, yupo anayejifukia mchangani akishtuka, yupo anayepauka taa ikizimwa. Huyo angemtangaza mahututi, amlaze "wodini", yaani nyumbani kwake, na siku ya tatu apige simu ya rambirambi. Marehemu wote ishirini na tisa walikuwa sebuleni kwake, tangi moja, buheri wa afya. Jumamosi meneja wa hoteli angekuja kuwaona. Akiridhika angewachukua, pamoja na Mapezi wa kuwatunza, kwa mshahara na sare, na mambo ya kukimbia watu yaishe.

"Mama," alimwambia mwenye zahanati, ambaye wagonjwa walimwita Mama Meno, "huyu wa njano kalala ubavu. Si dalili njema."

"Ala! Na hawa wanaojisugua kwenye jiwe?"

"Hao ndio kabisa."

"Na yule anayehema juu juu pale?"

"Wote walazwe, mama. Leo leo."

Mama Meno alijifuta macho. "Wachukue, baba. Niachie kadi yako tu, nije kuwajulia hali."

Mapezi hakuwaangalia mara mbili. Miaka sita hajawahi kumlaza samaki mgonjwa, sasa awatenge wa nini? Akawamimina kwa wenzao.

Alhamisi wakatokwa na vidoa vyeupe, kama walionyunyiziwa chumvi. Ijumaa tangi zima likawa linajisugua. "Tabia ya kawaida," alijiambia kwa sauti ya kidaktari, na hakujiamini hata kidogo. Jumamosi asubuhi alikuwa anawaopoa maiti kwa chujio la chai huku analia, na safari hii hakikuwa kilio cha kazi.

Mlango ukagongwa. Mama Meno huyo, na dada yake mwenye duka la dawa, na chupa ya chai.

"Tumekuja kuwaona wagonjwa." Mama Meno akalitazama tangi. "Pole, baba. Fundi wangu wa tangi alishaniambia wale wangu ni wagonjwa, hawamalizi wiki."

"Ulijua?"

"Dada alinisimulia habari zako. Nikasema, kumbe hospitali ipo."

Dada mtu alikunja mkono wa gauni, akachovya, akapapasa mchangani pembeni. Akaibuka na samaki mnene, anafurukuta, hana doa.

"Huyu ni wangu. Uliniambia umemzika."

"Kajizika mwenyewe," alisema Mapezi. Miaka sita, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli kwa mteja.

Meneja wa hoteli alikuwa ameshafika mlangoni, sare mkononi. Alichungulia tangi, akachungulia chujio, akageuka na sare yake.

Jino likaanza upya. Mama Meno alimwinua kidevu, akamkagua mwana huyu wa watu kwa huruma nyingi.

"Shavu limevimba. Hii si dalili njema. Njoo Jumatatu nikulaze."

Mapezi alijishika shavu, akamtazama usoni, na hakuweza kujua kama anaambiwa kweli.