Fahali Hajulikani na Ndama Wake wa Mweiga

Dedan Gikonyo,
Mweiga.

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wa Wafugaji wa Bondeni.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUHUSU: BABA WA NG'OMBE WANGU

Pokea salamu zangu, pamoja na pongezi kwa kununua kompyuta inayoandikisha ng'ombe yenyewe. Zamani karani alikosea kwa kalamu. Siku hizi kosa linajifanya lenyewe, karani akiwa ameenda chai. Mimi si mtu wa kupinga maendeleo. Nina malalamiko machache tu.

1. Mtamba wangu, Karembo, nilimnunua soko la Kagio. Aliyeniuzia hakumjua baba yake, na Karembo mwenyewe hajawahi kumtaja. Kwenye fomu yenu ya simu, pale pa "Baba", mmeandika: si lazima. Nikawaamini, nikapaacha wazi. Kompyuta ikaenda kwenye orodha yenu ya mafahali kumtafuta yule ambaye sikumtaja, ikamkosa, ikamtupa Karembo nje kabisa. Nikaja ofisini kwa karani wenu, Musembi. "Mzee, si lazima ujaze," akaniambia, "lakini usipojaza inakataa." Naomba maneno hayo yachongwe juu ya mlango wenu.

Padri wetu hubatiza mtoto hata kama nafasi ya baba iko wazi. Maji yanamwagwa, mtoto analia, ibada inaendelea. Sikujua kompyuta yenu imempita padri kwa utakatifu.

2. Mngeiambia tu: pasipo na jina, pita, mwandikishe ng'ombe. Lakini hilo ni jambo rahisi, na kamati yenu haikuchaguliwa kwa mambo rahisi. Mkaongeza fahali kwenye orodha, mkampa jina Hajulikani, na kila nafasi iliyo wazi ikaelekezwa kwake. Hivyo mnyama ambaye hajawahi kula hata unyasi mmoja akaamka baba wa nusu ya ng'ombe wa Mweiga.

3. Hapa ndipo niliumia. Karembo aliingia joto, nikampigia simu Naliaka, mpandishaji wenu, akaja mbio na mirija yake ya mbegu. Akabonyeza simu yake, akanitazama kwa huruma. "Baba Njoki, imekataa. Inasema Karembo na fahali mwenye hii mbegu ni ndugu, baba yao ni mmoja."

Nikamuuliza ni baba yupi.

"Hajulikani."

Nikamuuliza, kama hajulikani, undugu umejulikanaje? Naliaka akafunga mkebe wake akasema yeye pia ana watoto, na akimpandisha ng'ombe aliyekataliwa atafutwa kazi. Sikumlaumu. Mke wangu, Watiri, alibaki bandani ameshika kamba, akimbembeleza Karembo mpaka joto likapita bure. Huyo ndiye ng'ombe wetu wa pekee. Mwaka ujao sisi tutakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na nyinyi mtakunywa sifa.

4. Kana kwamba hayo hayatoshi, kwenye mkutano mkuu mlimtunuku Hajulikani tuzo ya fahali bora kwa wingi wa uzao. Utepe mkaufunga kwenye kiti, kwa kukosa shingo. Wewe mwenyewe ulisimama ukasema, "Fahali wetu ni mnyenyekevu, ati hata hataki kuonekana!" Watu wakapiga makofi. Sasa nasikia kuna hoja ya kumjengea banda. Nauliza kwa heshima: mlango utakuwa upande gani, naye ataingia vipi?

Kwa hayo yote, nadai Hajulikani afutwe leo hii, Karembo aachwe yatima kwa heshima yake, na Naliaka aruhusiwe kurudi na mkebe wake. Mkikataa, nitatoka kwenye ushirika mimi na kila aliye bandani mwangu.

Wasalimie wanakamati wote, mama watoto wako, na Musembi akirudi kutoka chai.

Ni mimi, mwanachama wenu ambaye bado anajulikana,

Dedan Gikonyo

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, ameingia Muchiri, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Naro Moru. Amesikia habari za tuzo, anataka binti yeyote wa Hajulikani, na bei aliyotaja imemfanya Watiri akae chini. Kwa hiyo tafadhali msifute kitu. Akiwapigia simu kuuliza, mwambieni fahali yuko, anapumzika. Mimi nimeshamweleza kwamba ni mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.