Sura Isiyoonekana

Diwani alitoka ukumbi wa sinema jasho likimtiririka. Domo Asali, tapeli aliyekuwa ameegemea mlangoni, akajua riziki imejileta yenyewe. Filamu ilikuwa ya kutisha: kampuni ya matangazo inaficha sura ya mgombea katikati ya picha, jicho halioni ila moyo unaona, na nchi nzima inampigia kura bila kujua kwa nini. Na uchaguzi wa kata ulikuwa umekaribia.

"Mheshimiwa, mashine ile ninayo," Domo Asali alinong'ona. "Nakutia humo humo kwenye filamu."

"Nitajiona?"

"Ukijiona, ujue nimeharibu kazi."

Diwani aliridhika kabisa. Domo Asali akaomba gari la Diwani liwe malipo yake, kwa kuwa mama wa mchumba wake ameapa kutomwoza binti kwa mtu anayefika kwa miguu. Akaongeza sharti: wapiga kura wote waingie bure, kwa gharama ya Mheshimiwa. Ufunguo ulitolewa upesi, upesi mno, lakini tamaa haina macho.

Ukumbi ulikuwa wa shangazi yake Domo Asali, ambaye naye aligombea udiwani. Diwani alimwita mgombea wa tiketi za sinema, akacheka mpaka akakohoa.

Basi kila jioni Diwani alikaa mstari wa mbele, akakodoa macho, asijione, akaenda kulala na furaha. Mlangoni Shangazi alipokea watu mmoja mmoja. "Mgongo wa mama unaendeleaje? Mtoto amepata shule?" Kura zilipohesabiwa, Diwani aliangushwa chali na Shangazi.

Domo Asali hakujali, yeye chake keshapata. Akaendesha mpaka kwa Shangazi kumpongeza. Shangazi alilizunguka gari taratibu.

"Hili ni gari la ofisi ya kata. Lete ufunguo, mwanangu."

"Shangazi, alinipa mwenyewe, kwa mkono wake."

"Alikupa kisicho chake. Na wewe ulimpa nini?"

Kumbe Domo Asali naye alikuwa ametapeliwa. Iliuma kwelikweli, maana muda wote alimhesabu Diwani kuwa mjinga mwaminifu.

"Basi niachie mpaka jioni tu. Wakwe wananingoja, na mimi ndiye niliyekujazia ukumbi."

"Nakushukuru sana," Shangazi alisema, akauchukua ufunguo na kuutia kwenye pochi. "Lakini gari la umma haliendi ukweni. Nenda kwa miguu, wakuone vizuri."